Tovuti ya bure analipa nani? Habari ya kuki, madalali na mnada usiouona

Saa tatu usiku mzazi mmoja kanitumia skrinishoti WhatsApp. Ni ya tovuti yetu, tunaiendesha watu watatu, ina mitihani ya zamani, mwanafunzi anaingia anashusha pepa la miaka ya nyuma na majibu yake anaondoka, halipi hata mia. Sasa kwenye hiyo skrinishoti, juu ya pepa la Baiolojia, kuna tangazo la kubeti, kijana kashika noti anacheka meno yote nje. Chini mzazi kaandika: "Mwalimu, ndo mnachowafundisha watoto hiki?"

Mi wala sio mwalimu ila swali lilikuwa la haki kabisa. Jibu la kweli, ambalo sikumpa usiku ule maana lingekuwa refu, ni kwamba tangazo lile hatukuliweka sisi, hatukuwahi kuliona, na mtoto wa jirani akifungua ukurasa huohuo dakika hiyohiyo pengine angekuta tangazo la unga wa ngano. Lile lilishinda mnada. Na kwenye mnada kilichokuwa kinauzwa sio pepa la Baiolojia, ni macho ya mwenye simu. Simu ilikuwa ya nani? Ya baba mtu. Sisemi zaidi, maana kampuni za kubeti hununua nafasi kila kona na inawezekana ilikuwa bahati tu.

Tuanze na gharama, maana kuna watu wanadhani kitu kikiwa mtandaoni basi kinaelea tu hewani. Domeni, yaani jina la tovuti, inalipiwa kila mwaka, seva, yaani kompyuta inayoihifadhi, inalipiwa kila mwezi tena kwa dola, shilingi ikiyumba bili inapanda hata kama hujaongeza ukurasa mmoja. Halafu kuna muda, kuskani mapepa, kuyanyoosha, kurekebisha jibu alilokosea mtu, kufuta takataka za matapeli. Ikikaribia mitihani ya kidato cha nne watu wanajazana kama daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, seva inaanza kukohoa, inabidi upande daraja la bei. Msomaji halipi, kwa hiyo hela inatoka kwa mtu anayetaka kuonwa na msomaji. Hii biashara ni ya zamani, redio inaishi hivyo, gazeti linaishi hivyo, hata ile kalenda ya ukutani yenye picha ya duka la vifaa vya ujenzi. Tofauti ni moja tu: kalenda haijui nani anaiangalia.

Kuki ndo iliyoleta hayo mambo ya kujua. Ukiweka simu yako lugha ya Kiswahili utakuta wameandika vidakuzi, ni sawa, mi nitasema kuki maana ndo tunavyosema mtaani. Ilibuniwa 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni iliyokuwa na brauza, yaani programu ya kufungulia tovuti, kubwa enzi hizo. Shida yake ilikuwa kwamba wavuti ulikuwa na ugonjwa wa kusahau, yaani kila ukurasa unaoomba, kwa seva wewe ni mgeni mpya. Ni kama mama wa genge anayekuuliza "karibu, nikupe nini?" kila baada ya nyanya moja. Hapo huwezi kufanya duka la mtandaoni, umeweka kitu kwenye kapu, umefungua ukurasa wa pili, kapu tupu. Dawa aliyoitoa ni rahisi mno: seva ikupe kikaratasi chenye namba, brauza ikitunze, na kila ukirudi kwa seva hiyo brauza inakionyesha mlangoni. Jina alilitoa kwenye msamiati wa zamani wa watengeneza programu, waliokuwa wanaita kijifurushi cha data kinachopitishwa mkono kwa mkono bila kufunguliwa kuki ya kimazingaombwe.

Ukitaka kuiona yenyewe kwa macho, fungua vifaa vya watengenezaji kwenye brauza ya kompyuta, utakuta mstari kama huu:

Set-Cookie: uid=7c41e09b; Max-Age=31536000

Imeisha. Hiyo uid ni namba yako, na hiyo 31536000 ni sekunde, ukizigawa unapata siku 365, yaani kikaratasi kinaishi mwaka mmoja. Ni maandishi tu, sio programu, hakifungui picha zako, hakisomi meseji, hakina virusi na ukubwa wake unaishia kwenye herufi 4,000 hivi. Tena hakijui jina lako. Bila hicho kikaratasi hata ukiingia kwenye akaunti yako ungekuwa unaandika nywila kila ukibonyeza kitu.

Na Montulli aliliona tatizo la kufuatana mapema. Kulikuwa na njia ya mkato, kila brauza ipewe namba moja ya kudumu inayoonyeshwa kila tovuti, akaikataa kwa sababu kila mwenye tovuti angeweza kumfuata mtu popote. Badala yake kanuni ikawa kuki inarudishwa kwa aliyeitoa tu. Kwa hiyo hiki kitu tunachokitukana leo kilitengenezwa ili usifuatwe! Maajabu ya dunia.

Sasa mwanya ulipatikana wapi? Ukurasa mmoja haujengwi na seva moja. Maandishi yanatoka kwetu, fonti inatoka kule, tangazo linatoka kwa kampuni ya matangazo, na brauza inapokwenda kuchukua ile picha ya tangazo inakuwa imebisha hodi kwa hiyo kampuni, na kampuni nayo inakupa kikaratasi chake. Hujawahi kuitembelea, hujui hata inaitwaje. Hiyo ndo naiita kuki ya mtu baki.

Tuseme Jumatatu umeingia tovuti ya vifaa vya ujenzi unaangalia bei ya taili za choo. Pembeni kuna kipicha cha pikseli moja tu, yaani nukta moja ya skrini, hakina rangi, hutakiona hata ukivaa miwani. Kimetoka kwa kampuni ya matangazo, tuiite Dalali. Dalali anakupa namba 7c41e09b na anaandika kwenye daftari lake: huyu 7c41 anatafuta taili. Jumatano mwanao anachukua simu yako anakuja kwetu kushusha pepa la Jiografia. Na sisi tuna boksi la Dalali. Brauza yako, kwa utii wote, inamwambia Dalali "7c41e09b huyu hapa, na ukurasa alipo ni huu." Mtoto anasoma mvua za masika, juu yake zinang'aa taili za choo. Hakuna aliyekusikiliza kwenye maikrofoni ya simu kama wengi wanavyoamini, ingawa najua kwenye hili kuna watu hatutaelewana hata kesho. Kuki ilitii kanuni, ilirudi kwa aliyeitoa tu, sema aliyeitoa kajipanga kwenye kila mlango wa mtaa mzima.

Wahandisi waliliona hili. Mwaka 1997 ulitoka waraka wa kiufundi unaoitwa RFC 2109, ukasema brauza zisiruhusu kuki za watu baki mpaka mwenye kompyuta aruhusu mwenyewe. Netscape na Microsoft hawakuufuata. Ushaelewa kwa nini, hela ilishaingia. Bango la kwanza la tangazo lenye kubonyezeka lilikuwa limeshawekwa tarehe 27 Oktoba 1994 kwenye tovuti ya HotWired, tangazo la kampuni ya simu ya AT&T, na baada ya hapo zikazaliwa kampuni kama DoubleClick ambazo kazi yao ndo hiyo hasa, kusimama kwenye tovuti nyingi kwa mpigo. DoubleClick yenyewe Google walikuja kuinunua kwa dola bilioni 3.1, dili lilitangazwa 2007 likafungwa 2008.

Kwa tovuti ndogo kama yetu mwaka wa maana zaidi ni 2003, Google walipotoa AdSense. Kabla ya hapo ukitaka tangazo ilibidi uvae shati uende ofisi za watu uombe. Watu watatu wenye kazi zao nyingine huo muda hawana. AdSense ikasema bandika mistari hii ya programu, sisi tutaleta matangazo, tunagawana hela, yako ikifika dola 100 tunakulipa. Ndo maana tovuti za mapishi, za mashairi, za ratiba za mabasi, za ligi za mchangani zikaweza kuishi. Na kuna kitu wengi hawakijui: mwanzoni AdSense haikuwa inamfuata mtu, ilikuwa inasoma maneno ya ukurasa, ukurasa wa mbegu unapata tangazo la mbolea. Kulenga kwa kuangalia mtu alishatembelea tovuti zipi kuliingia 2009. Kwa hiyo tovuti ndogo hazikuzaliwa na ufuatiliaji, zilikuja kurithishwa.

Kipindi hichohicho mnada wa papo kwa papo nao ukashika kasi. Ukibonyeza ukurasa, kabla picha hazijakaa sawa, habari yako inatupwa sokoni: ukurasa gani, simu aina gani, uko mji gani kwa kukadiria, boksi la tangazo lina ukubwa gani, na namba yako ya kuki. Wanunuzi ni kompyuta, kila moja inaangalia daftari lake, huyu 7c41 namjua? anatafuta taili? basi naongeza dau. Anayetaja bei kubwa anashinda, tangazo linashuka, na yote hayo yanachukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bei inahesabiwa kwa kutazamwa mara elfu. Tuseme ni dola moja, ukurasa wako ukionwa mara 50,000 kwa mwezi na boksi moja, hiyo ni dola 50 kabla ya makato. Na msomaji wa Minnesota, Marekani, bei yake iko juu kuliko wa Mpanda, ukurasa uleule, Kiswahili kilekile, maana mtangazaji analipia mfuko wa msomaji. Mwanzoni iliniuma nikazoea.

Nilisema kabla ya makato. Kati ya mwenye bidhaa na mwenye tovuti kuna msururu: anayemnunulia mtangazaji, anayeuza data, anayeendesha soko, anayemuuzia mwenye tovuti, anayehakikisha kwamba aliyeona ni mtu na sio roboti. Uingereza chama cha watangazaji, ISBA, pamoja na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya PwC walijaribu kuifuata hela hatua kwa hatua, ripoti ikatoka 2020: katika kila paundi moja, mwenye tovuti alipata peni 51. Peni 15 hazikujulikana zimekwenda wapi. Yaani wahasibu wa PwC wamekaa na vitabu, wamekosa! Na hizo zilikuwa kampuni kubwa zenye wanasheria, sio sisi. Aprili 2025 jaji wa Marekani, Leonie Brinkema, aliamua kwamba Google walihodhi kinyume cha sheria sehemu mbili za soko hili, chombo anachotumia mwenye tovuti kuuzia nafasi na soko lenyewe la mnada. Fikiria dalali wa nyumba anayemwakilisha mwenye nyumba, anamwakilisha mpangaji, na ofisi mnayokutania ni yake.

Swali ambalo ningependa watu wabishanie badala ya maikrofoni ni hili: hivi hizo kuki za watu baki zinamwongezea mwenye tovuti kiasi gani? Google walifanya jaribio 2019, wakawazimia kuki sehemu ya wasomaji kwenye tovuti kubwa 500, wakasema mapato ya wenye tovuti yalishuka kwa wastani wa asilimia 52. Nusu nzima. Mwaka huohuo watafiti watatu, mmoja wao Alessandro Acquisti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichambua mamilioni ya matangazo ya kampuni moja kubwa ya habari Marekani, wakakuta kuki ikiwepo mwenye tovuti anapata kama asilimia 4 zaidi. Nne na hamsini na mbili, kwenye kitu kilekile.

Nani muongo? Sidhani kama kuna muongo, ingawa Google wana maslahi na hilo tuliweke mezani. Ukiwazimia kuki watu wachache huku wengine wote sokoni wanazo, bila shaka wanunuzi watakimbilia wale wanaojulikana, wasiojulikana wataporomoka bei. Ni kama sokoni muuza embe mmoja kafunikwa macho mteja asione matunda yake, wenzake wote wako wazi, huyo atakula hasara tu. Lakini ukifunika meza zote, watu hawaachi kula embe. Uholanzi waliifunika. Ster, wanaouza matangazo ya shirika la utangazaji la umma NPO, waliacha kabisa kutumia kuki kulenga watu Januari 2020, wakabaki kuuza kwa kuangalia mtu anatazama nini, na Januari na Februari hiyo mapato yao ya mtandaoni yalikuwa juu kuliko miezi hiyo ya mwaka uliotangulia. Haraka utasema basi na sisi tufanye hivyo. Ngoja kwanza. Ster wana timu ya mauzo, wanajua wanunuzi kwa majina, wao ndo waliowakata madalali wakabaki na chao. Sisi dalali ndo timu ya mauzo. Tukimkata tunabaki na boksi tupu.

Kwa hiyo ukiniuliza msimamo wangu, tangazo silichukii, ndo linalipa seva. Kinachonikera ni kwamba taarifa za wasomaji wangu zinapitishwa kwa kampuni nisizozijua, faida kubwa ya taarifa hizo inabaki kwa wenye madaftari, na lawama ya saa tatu usiku inakuja kwangu.

Brauza zenyewe zimeanza kugawanyika kambi. Safari ya Apple ilifunga kuki zote za watu baki Machi 2020. Firefox toka 2022 inampa kila tovuti kopo lake, kuki ya Dalali aliyokupa kwenye taili haisomeki kwenye mitihani. Chrome ndo sinema, waliahidi Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili watazifuta, wakasogeza mbele, wakasogeza tena, Julai 2024 wakasema hatufuti, Aprili 2025 wakasema hata lile dirisha la kumuuliza mtumiaji halitakuwepo. Na Chrome ndo imo kwenye simu nyingi za Android tulizoshika. Unaweza kuzifunga mwenyewe, nenda kwenye mipangilio, faragha, sehemu ya kuki, funga za watu wengine, tovuti nyingi zitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hutakuwa umepotea kabisa machoni mwao, maana ukishaingia na akaunti yako wanakujua bila kuki, na app za simu zina namba yao nyingine ya matangazo, hiyo nayo inafutika kwenye mipangilio ya simu.

Na lile kapeti linalofunika nusu ya skrini, "Kubali zote"? Limetoka Ulaya, kule sheria inataka mtu akubali kwanza, na toka GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa za watu, ianze tarehe 25 Mei 2018 wakawa wakali zaidi. Wajanja wakafanya kitufe cha kukubali kikubwa cha kijani, cha kukataa kimefichwa nyuma ya kurasa tatu. Ufaransa mamlaka yao ya data iliwapiga Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Mtu wa Mwanza analiona kapeti hilo kwa sababu tovuti nyingi hazihangaiki kutenganisha wageni. Kwetu Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, Kenya wanayo ya 2019. Sheria zipo, ila bado sijakutana na mtu aliyesoma hayo makapeti mpaka mwisho, na mi mwenyewe nikiwemo.

Kitu ambacho Wazungu hawakisemi sana ni bando. Siku moja nilikaa na kompyuta nikaangalia ukurasa wetu mmoja unachoshusha. Pepa lenyewe lilikuwa dogo kuliko mzigo uliolizunguka, na orodha ya domeni ngeni zilizoitwa nyuma ya pazia ilibidi niisogeze mara tatu ndo nifike chini, zingine majina yake hata kutamka huwezi. Mwanafunzi wa kijijini aliyejiunga bando la mia tano ndo anayelipia huo msafara wote. Halafu tunasema ni bure.

Baada ya ile meseji ya mzazi tulifunga kundi zima la matangazo ya kamari, mtandao tunaotumia una hicho kitufe, na mapato ya mwezi uliofuata yakashuka mpaka mwenzangu akadhani kuna hitilafu. Tukapunguza maboksi kutoka manne hadi moja. Tukaweka Lipa Namba chini ya kila pepa, wanachanga wachache, wengi walimu, elfu moja elfu mbili, na kuna mtu huwa anatuma mia nane hamsini kila mwisho wa mwezi, sijui kwa nini isiwe elfu.

Halafu nikavaa shati. Nilienda duka moja la vitabu na vifaa vya shule Morogoro, nikamweleza mwenye duka, akatoa hela ya miezi mitatu palepale. Tangazo lake ni picha moja tu iliyokaa kwenye seva yetu, haina kuki, haina mnada, haina dalali, na hela yote ni yetu. Nilijiona mwanamapinduzi. Wiki ya pili kanipigia simu kachoka, anasema tangu asubuhi anapokea simu za wanafunzi wa Songea, wa Bukoba, wa Kigoma, wanauliza daftari za kaunta bei gani na kama wanaweza kutumiwa na basi, na yeye duka lake ni la kaunta hana mtu wa kufunga mizigo. "Hivi huwezi kufanya wakaliona wa Morogoro peke yao?"

Naweza, mama. Nilimwambia nipe siku mbili nifikirie, maana njia ninayoijua ya haraka ni ileile ya Dalali. Mwishowe tuliandika "MOROGORO TU" kwa herufi nyekundu juu ya picha. Wa Kigoma bado wanampiga simu.